Mnara Uliowakimbiza Korongo

Baba mkwe alipoanza kumshukuru Cheche kwa kila kikombe cha chai, nyumba nzima ilijua kwamba amekasirika. Mzee yule hakuwa mtu wa kushukuru chai. Kwa miaka tisa, tangu Cheche aolewe na mwanawe, alikuwa akipokea kikombe, anaonja, anakunja uso, kisha anauliza, "Mkwe wangu, sukari imepanda bei?" Naye Cheche anamjibu kwamba sukari ipo tele, ni ulimi wa baba uliozeeka. Huo ndio ulikuwa utani wao wa kila asubuhi. Sasa mzee alipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Asante, fundi," akageukia dirishani. Fundi! Ndani ya nyumba yake, mezani pake, anaitwa kana kwamba amekuja kuziba bomba.

Fundi alikuwa kweli, wa kuchomelea vyuma, na hilo jina la Cheche alipewa karakanani zamani kwa sababu ya matundu madogo ya moto yaliyojaa kwenye mikono ya mashati yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya kubeba, na ulimi usiolala. Lakini mbele ya adabu ile ya baba mkwe ulimi wake ulikufa ganzi. Angegombezwa angejibu. Kushukuriwa, utajibu nini?

Kosa alilijua. Alikuwa amewafukuza ndege wa mzee.

Baba mkwe alikuwa karani wa ndege. Wapo waliocheka kazi hiyo, mtu mzima mwenye miwani na daftari analipwa na hifadhi kuhesabu ndege, lakini yeye aliifanya kwa miaka thelathini na mmoja bila kukosa msimu. Kila Jumatano ya majira ya mvua alipanda mnara uliokuwa ukingoni mwa kinamasi, akaweka darubini machoni, akahesabu korongo waliotua kwenye miti mikavu iliyosimama majini. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, anahesabiwa aliyetua, si anayepita. Ya pili, unahesabu mara mbili, na hesabu zikitofautiana unaandika ile ndogo. Wakubwa waliwahi kumbembeleza aongeze kidogo, wageni wapate kuvutika. Akawaambia ndege si mchuzi, hatiwi chumvi.

Mnara wake wa kwanza ulikuwa wa mbao. Chini ulioza kwa maji, juu ukaliwa na mchwa, na kila mwaka ukapigwa kiraka hapa na kiraka pale, mpaka siku moja kidato kikavunjika chini ya mguu wake. Mzee akaning'inia kwapani karibu saa nzima, goti limepinda ovyo. Walinzi walipomfikia na kuanza kupiga kelele, aliwaomba wanyamaze kwanza kwa kuwa hajamaliza kuhesabu. Hadithi hiyo ilimfanya maarufu hifadhi nzima, ila goti halikurudi kuwa goti.

"Baba," Cheche alimwambia hospitalini, "nitakujengea mnara ambao mchwa wakiufikia watauamkia na kupita."

Na alijenga. Alimweleza mkuu wa hifadhi kwamba chuma kitupu kwenye unyevu ule hakimalizi miaka sita, kwamba rangi peke yake ni kumvisha mgonjwa nguo nzuri, na kwamba dawa ni zinki. Kila kipande kikatwe, kitobolewe na kuchomelewa kwanza, ndipo kipelekwe kuchovywa kwenye birika la zinki iliyoyeyuka, kitoke kimevikwa nje na ndani. Baada ya hapo hakuna kukata tena, hakuna kutoboa wala kuchomelea. Ni kufunga kwa bolti tu. Atakayeikwangua zinki ile atakuwa amefungua mlango, na kutu haihitaji kukaribishwa.

Basi akaupanga mnara mzima chini, kwenye uwanja wa karakana, akahakikisha kila tundu linatazamana na mwenzake kabla vipande havijapakiwa kwenye lori. Vidato vya ngazi akavikaribianisha kuliko kawaida kwa ajili ya goti la mzee. Vipande viliporudi kutoka kwenye birika, bolti mia mbili na themanini ziliingia, na hata moja haikukataa tundu lake. Siku mnara uliposimama, uling'aa kama sufuria mpya. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mkuu wa hifadhi alipiga picha akiwa ameshika ukingo wake, walinzi wakapanda na kushuka bila sababu, na baba mkwe akapapasa ngazi yote kutoka chini mpaka juu, akatabasamu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Katika michoro yake yote Cheche alikuwa amefikiria maji, upepo, mchwa na goti la baba mkwe. Ndege hakuwafikiria.

Mvua za kwanza zilipokuja, korongo nao walikuja, kama kila mwaka. Jumatano ya kwanza Cheche aliomba kwenda kazini na mzee, aone kazi ya mikono yake ikitumika. Wakakaa juu, bega kwa bega. Kundi likatokea upande wa vilima, likashuka taratibu, miguu imeshatolewa kwa ajili ya kutua. Hapo jua likapenya mawinguni na mnara ukawaka wote. Korongo wakapinda ghafla. Wakazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, wakapaa, wakaenda zao nyuma ya vilima ambako hakuna aliyeweza kuwaona, sembuse kuwahesabu.

Mzee alisubiri mpaka jioni. Kisha akafungua daftari akaandika sifuri, ya kwanza katika maisha yake. Akalifunga, akashuka kwa kuegemea, na alipofika chini akasema, "Ngazi nzuri, fundi." Asubuhi iliyofuata ndipo shukrani za chai zilipoanza.

Mtu mwenye hatia hakosi shughuli. Wiki ya pili Cheche alinunua mikeka ya matete, akaufunika mnara kutoka juu hadi chini. Ilipendeza kutazama kwa siku moja. Usiku upepo ukaifumua kamba, na kulipokucha mnara ulikuwa ukipunga mikeka huku na huko, ukiwafukuza hata bata waliokuwa hawana habari. Sifuri ya pili. Akaiteremsha mikeka, akaiacha ilowe njiani.

Mumewe, ambaye alikuwa mwalimu na mpenda amani, alimwambia aache muda ufanye kazi yake. Cheche akamjibu kwamba muda ndio hasa baba hana. Msimu ule ulikuwa wa mwisho kwa mzee. Hesabu ya kumi ikishaandikwa, anakabidhi darubini na kustaafu. Miaka thelathini na mmoja ya korongo, halafu mwishoni safu ya sifuri kwa sababu ya mke wa mwanawe. Alipolifikiria hilo, Cheche alishindwa kula.

Sifuri zilipofika nane, mkuu wa hifadhi akaingilia kati. Alikuwa mtu wa haraka, alizungumza kama aliyeacha jiko linawaka, na alikuwa na dawa ya neno moja, nayo ni rangi. Rangi ya kijani. Cheche alimfafanulia kwamba zinki mpya haikubali rangi ya mafuta, inaitema, na kwamba sharti ikae kwanza nje, ipigwe na jua na mvua mpaka mng'ao wake ufe. Mkuu akasikiliza nusu. Rangi ni rangi, akasema, paka. Siku nyingine Cheche angebisha mpaka jua lizame, lakini siku hiyo hakuwa na uso wa kubishana na mtu. Akapaka, tabaka mbili, huku moyo unamwambia anajidanganya.

Ilishika kwa siku nne. Siku ya tano, kabla hata ya Jumatano, ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, mapande kwa mapande, mengine yakining'inia na kupepea, mengine yakidondoka majini. Asubuhi iliyofuata sifuri ya tisa, Cheche alifika kuangalia uharibifu. Alimkuta baba mkwe amesimama kwenye maji yaliyomfika chini ya magoti, suruali imekunjwa, ameinama juu ya goti lile bovu, na chujio la chai mkononi. Alikuwa anaokota vipande vya rangi, kimoja kimoja, ndege wasije wakavimeza. Ndege wenyewe hawakuwepo.

Hakumwita. Aligeuka kabla hajaonwa, akaenda akakaa nyuma ya banda la walinzi, akalia kwa hasira na aibu, yote mawili.

Siku hiyohiyo mkuu alitoa neno la mwisho. Imebaki hesabu moja, Jumatano ya wiki ijayo. Asipotua hata korongo mmoja, mnara utashushwa na vyuma vyake vitafanywa uzio wa ofisi.

Fundi anayejua kazi anajua pia jinsi ya kuiharibu. Cheche alijua kwamba ipo njia moja ya kuifanya rangi ishike haraka, nayo ni kuikwangua zinki yote mpaka chuma kibaki kitupu. Chuma kitupu hakichagui rangi. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na alfajiri akakata shauri. Akachukua mashine yake ya kusagia vyuma, ile ya betri, na mawe yake matano mapya ya kukwangulia, akapanda mpaka juu. Alianza na ukingo. Vumbi la kijivu likamwangukia viatuni. Alikuwa amekwangua kama urefu wa kiganja alipohisi ngazi inatikisika chini yake, kidato, kituo, kidato, kituo. Alimjua apandaye hivyo.

Baba mkwe alifika juu akihema, akaketi kwenye benchi lake. Alikitazama kile kipande kilichokwanguliwa kwa muda mrefu.

"Unafanya nini?"

"Naondoa zinki, baba. Hapa rangi itashika. Keshokutwa mnara utakuwa kijani, na Jumatano utawaona korongo wako."

"Na baada ya hapo?"

Cheche alitaka kusema baada ya hapo Mungu mkubwa. Akashindwa. "Baada ya hapo kutu. Kwa unyevu huu, miaka mitano, sita. Utakuwa kama ule wa mbao."

"Na ukiuacha ulivyo?"

"Arobaini, baba. Zinki itafifia yenyewe, itakuwa na rangi ya wingu. Haitawatisha tena."

"Lini?"

Hapo ndipo ulimi ulipomwasha. Angesema miezi mitatu, mzee angefurahi, na nani angekuja kumdai? Lakini alikuwa ameketi mbele ya mtu aliyekataa kuongeza korongo mmoja kwa miaka thelathini na mmoja. Akaizungusha mashine mkononi.

"Mwaka mmoja, au miwili. Mimi ningeandika miwili."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama karani anayepokea hesabu kwa karani mwenzake. Akatazama miti mikavu, mitupu yote, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Hesabu yangu ya mwisho ni Jumatano," alisema.

"Najua, baba. Ndiyo maana."

"Atakayenifuata naye ana magoti." Akanyoosha mkono, akaufunika mkono wa Cheche ulioshika mashine. "Mkwe wangu, zima hiyo."

Mashine ilikuwa imezimwa kitambo. Cheche ndiye aliyekuwa anatetemeka. Alilisikia lile neno, mkwe wangu, likamwingia kifuani na kumfungua, akalia mbele yake bila kujificha, jambo ambalo miaka tisa yote hakuthubutu. Mzee alimwacha alie. Halafu akakigusa kile kipande kilichokwanguliwa, akauliza kama kidonda hiki kina dawa. Ipo, Cheche akasema, kuna rangi yenye unga wa zinki, ya kuzibia sehemu ndogo. Basi apake, mzee akasema, na asirudie. Na kuhusu rangi ya kijani iliyobaki, wangeibandua pamoja kwa mkono, juu ya turubai, isiingie majini. Ikawachukua siku tatu.

Jumatano mzee alipanda mara ya mwisho. Korongo walipita mbali, juu sana, hawakushuka. Akahesabu miti: sifuri. Akarudia, kama sheria yake inavyotaka: sifuri. Akaiandika. Lakini chini ya ukurasa palikuwa na nafasi ya maelezo, ambayo kwa miaka yote aliiacha wazi kwa sababu aliamini namba zinajieleza. Safari hii aliijaza: "Mnara ni mzuri. Unang'aa kwa sababu ni mpya. Fundi anasema miaka miwili. Subirini."

Mkuu wa hifadhi aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa haraka, lakini hakuwa mjinga, na alizijua daftari za mzee yule tangu ya kwanza. Mtu ambaye hajawahi kutia chumvi akikwambia subiri, unasubiri. Uzio wa ofisi ukajengwa kwa miti.

Mzee akakabidhi darubini, akarudi nyumbani na goti lake. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu Cheche alimletea chai. Akaipokea kwa mkono mmoja, akaonja, akakunja uso. "Mkwe wangu, sukari imepanda bei?" Cheche alisema ulimi umezeeka, akakimbilia jikoni kabla macho hayajamsaliti.

Mwaka uliofuata mvua zilikuja mapema. Wiki ya saba ya msimu, karani mpya wa ndege, mwanamke mtulivu aliyekuwa zamani mlinzi, alifika karakanani na kumwomba Cheche amlete mzee kinamasini. Hakusema kwa nini. 

Mnara hawakuuona mpaka walipoukaribia. Ulikuwa umesimama palepale, lakini mng'ao ulikwisha, rangi yake imekuwa ya wingu lililobeba mvua, na jicho lilipita juu yake bila kukwama. Bolti zote zilikuwa zimetulia, hakuna hata doa la kutu, hata kwenye kile kiraka cha kiganja. Mzee alipapasa nguzo, akaitikia kwa kichwa, akainua mguu wake ulio mzima kuuweka kwenye kidato cha kwanza. Karani mpya akamshika mkono kwa adabu. Kamba ilikuwa imefungwa ngazini, na katikati yake ubao umeandikwa: Usipande.

Cheche akarudi nyuma hatua moja. Akainua macho. Juu kabisa, kwenye fremu ya paa aliyoifunga kwa mikono yake, palikuwa na lundo kubwa la vijiti, na pembeni ya lundo miguu mirefu miwili. Korongo wa pili alitua wakati huohuo, kijiti mdomoni, na wawili hao wakaanza kusalimiana kwa kugonganisha midomo, ta-ta-ta-ta.

Kwa hiyo mnara aliojengewa mzee, wenye vidato vilivyopimwa kwa goti lake, mzee haruhusiwi kuupanda. Cheche akaanza kuomba radhi, akasema angejua angeweka uzio wa miiba kwenye paa. Ndipo alipoona mabega ya baba mkwe yanatikisika. Alikuwa anacheka, kiganja mdomoni asiwashtue, machozi yanashuka kwenye mikunjo ya mashavu, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Hesabu," alimwambia Cheche alipopata pumzi.

"Mimi, baba?"

"Wewe. Waliotua."

"Wawili."

"Rudia."

Cheche akarudia, safari hii kwa makini, kama anayekagua matundu ya bolti. Kwenye ukingo wa kiota kikatokeza kitu kidogo, kichwa chenye manyoya machache yaliyosimama ovyo, kikafungua mdomo na kuzama tena. "Watatu!" alisema, na sauti ikampanda. "Baba, wana mtoto. Ni watatu."

Karani mpya alishafungua daftari, kalamu inangoja. Mzee aliuegemeza mgongo wake kwenye nguzo, akafumba macho, akasikiliza.

"Andika wawili," alisema. "Ndiyo hesabu ndogo. Huyo wa tatu ataandikwa mwaka atakaorudi mwenyewe." Akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. "Miaka arobaini, ulisema?"

"Arobaini, baba."

"Basi mnara atakuja kuukuta."